Madonge Matano

Watu waliomjua Milimita wako makundi mawili: waliowahi kuumbuliwa naye, na wale ambao siku hiyo hawakwenda kazini. Alikuwa fundi wa vigae, vya sakafuni na vya ukutani, miaka arobaini kasoro miwili, na jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na mafundi wenzake. Mzee alikuwa na uwezo wa kusimama mlangoni kwa mtu, mkono mmoja mfukoni, akaitazama sakafu ya vigae mia mbili, akasema, "Kile cha nne kutoka dirishani kimepanda milimita moja. Mlikinywesha pombe?" Watu wanapima. Milimita moja. Hapo unamchukia bila hata kujisikia vibaya.

Silaha yake ilikuwa sarafu moja kuukuu, imelika mpaka sura haionekani tena. Anapita kwenye kazi ya fundi mwingine, hajaitwa na mtu, anachuchumaa, anaanza kugonga kigae kimoja kimoja. Ti. Ti. Ti. Fundi mwenye kazi anaanza kutoka jasho sehemu ambazo hakujua zina jasho. Ti. Ti. Ko. "Ehee," anasema Milimita, uso unamng'aa kama kaambiwa amepata mjukuu. "Hapa chini kuna chumba cha kupanga." Kigae kilichojaa simenti nyuma kinalia ti. Kilicho na hewa nyuma kinalia ko. Na kikilia ko mbele ya Milimita kitang'olewa, na mwenye nyumba ataitwa aje ashuhudie.

Sasa huyo Milimita, leo, anaogeshwa.

Kiharusi kilimkuta asubuhi akinyoa ndevu, kikamwacha na shavu moja lenye povu na moja safi. Mkono wa kulia ukafa. Mguu wa kulia ukabaki unamfuata kama mtu aliyelazimishwa kwenda harusini. Akahamia kwa mwanawe, mwalimu wa hesabu, mtu mpole wa miwani, ambaye mtaa mzima unamwita Mwalimu. Wiki ya tatu akateleza bafuni, nyonga ikapata ufa. Daktari akaitazama picha, akamtazama yeye, akasema, "Mzee, ukianguka tena kusimama usahau." Wala hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekutajia saa.

Basi kuanzia hapo, kila asubuhi saa kumi na mbili kasoro robo, Mwalimu anakunja suruali mpaka magotini, anaingia bafuni na baba yake.

"Inua mkono, Baba. Haya. Mwingine. Shingo. Geuka."

Sauti ileile anayowaambia wanafunzi wafungue ukurasa wa arobaini. Milimita anaoga na kaptula yake, macho ukutani, meno yamekaza. Mwalimu naye anatazama dari. Baba na mwana, wamesimama kwenye chumba cha hatua tatu kwa mbili, hakuna anayemtazama mwenzake, dodoki ndilo linafanya mazungumzo. Na siku Mwalimu akiwahi shuleni ndiyo balaa zaidi, maana hapo mzee anajiosha mwenyewe kwa kitambaa, mlango uko nusu wazi, na mkwe wake, mke wa Mwalimu, anasimama nje kwa heshima zote anauliza, "Baba, umefika wapi?"

"Nimefika kwenye goti!"

"La kwanza au la pili?"

Ukitaka kumuua mtu mwenye kiburi usihangaike na sumu. Muulize goti la ngapi.

Mwalimu aliliona hilo, si mjinga. Jioni moja akaketi karibu na baba yake, akatoa daftari lenye mchoro aliouchora kwa rula. Kizingiti kivunjwe ili mguu usikwame. Mlango ugeuzwe ufunguke kwa nje, ili mtu akianguka ndani asiuzibe kwa mwili wake. Kiti cha plastiki chenye miguu ya mpira. Mkeka usioteleza. Na ukutani, pembeni ya bomba la mvua, chuma cha kushikilia, kirefu, kinang'aa.

"Siku hicho chuma kikikaa ukutani, Baba, mimi natoka bafuni. Unaoga mwenyewe."

"Na mlango?"

"Mlango unafunga."

"Wote?"

"Wote, Baba."

Usiku huo Milimita alikula mpaka akaomba kuongezwa. Mlango uliofungwa. Mzee hakutaka pesa, hakutaka maombi, hakutaka vile vimikono viwili vya kuomba ambavyo binti yake mkubwa, anayeishi mbali, alikuwa anavituma kila siku kwenye kundi la familia la simu, kundi linaitwa Damu Moja, kama ndiyo matibabu yenyewe. Alitaka mlango ufungwe, na yeye awe ndani, uchi, peke yake, kama binadamu.

Kulikuwa na kitu kimoja tu. Ule ukuta.

Ule ukuta aliutandaza yeye.

Miaka kumi na mbili nyuma Mwalimu alikuwa anamalizia nyumba, na Milimita alikuwa amemnunia. Mtoto wa kiume mmoja, ana jicho, ana mikono iliyotulia, halafu anachagua chaki! Siku moja kaja na soda mbili na tabasamu: "Baba, nisaidie bafu." Kusaidia, yaani bure. Na Milimita ana hoteli nzima inamsubiri, ghorofa tatu. Basi akaja Jumamosi, akaingia saa mbili asubuhi, na kabla ya adhuhuri alikuwa ananawa mikono. Bafu zima.

Unajiuliza aliwezaje. Badala ya kupaka simenti mgongo mzima wa kigae kama alivyowahubiria watu miaka yote, aliweka madonge matano. Manne kwenye pembe, moja katikati, kama upande wa nukta tano wa dadu. Bandika, twende. Ukuta wenyewe wa tofali ulikuwa umepinda, akaunyoosha kwa kunenepesha madonge tu, hivyo nyuma ya vigae kulibaki hewa ya unene wa vidole viwili. Kwa mbele? Mrembo. Kiputo cha pima maji kilikaa katikati pasipo kutikisika. Mwalimu alilia kidogo kwa furaha, kwa sababu yeye ni mtu wa kulia kidogo.

Na kuna desturi moja. Kila kazi, Milimita alikuwa anaandika kitu nyuma ya kigae cha kwanza kwa pensili ya seremala: tarehe, jina la mwenye nyumba, basi. Siku ile aliandika maneno mengine, akajichekea, akakibandika chini kule kwenye kona.

Hakuna aliyeyaona ila msaidizi aliyekuwa anamkorogea simenti. Binti wa miaka kumi na tisa, mwanamke peke yake kwenye kikosi, aliyebatizwa na Milimita jina la Kijiko, eti anashika mwiko wa ufundi kama mtu anayelisha mtoto. Kijiko aliyatazama madonge, akaitazama kasi ya mzee, akajiambia, kumbe kuna njia ya haraka! Wiki iliyofuata akapewa jiko lake la kwanza kulitandaza mwenyewe. Akaweka madonge matano. Kama alivyomwona fundi wake.

Milimita akaja na sarafu. Ko. Ko. Ko. Akaita mwenye nyumba. Akaita majirani. Akamwambia Kijiko ang'oe vyote, themanini na kimoja, na kila anapong'oa kimoja mzee anagonga kinachofuata na watu wanaitikia "koo!" kama wako kanisani. Binti aling'oa mpaka kucha mbili zikatoka. Hakusema aliona wapi. Alipomaliza alivua aproni, akaiweka juu ya rundo, akaondoka, na jina akaondoka nalo.

Hebu kisia ni fundi gani Mwalimu alimpata mtandaoni baada ya kusoma sifa kwa siku tatu.

Gari dogo jeupe likasimama nje, ubavuni limeandikwa KIJIKO, VIGAE NA MABAFU. Akashuka mwanamke wa miaka thelathini na moja, buti za kazi, miwani ya kukinga macho imekaa juu ya kichwa kama taji. Milimita alikuwa amewekwa kwenye kiti mlangoni mwa bafu, kama mkaguzi.

"Shikamoo, fundi mkuu."

"Marahaba." Nusu ya mdomo ilijibu, nusu ikabaki inamtazama. Halafu kiburi kikaamka, maana hakikupata kiharusi. "Siku hizi mwiko unaushika na nini?"

"Na mkono," Kijiko akasema, akautazama ule mkono wa kulia uliolala mapajani kwa mzee kama glavu iliyosahauliwa. "Na wewe?"

Mwalimu akacheka kile kicheko cha mtu asiyeelewa ila ana adabu. "Kumbe mnafahamiana!"

"Huyu ndiye aliyenifundisha kusikiliza," Kijiko akasema. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa sarafu.

Ko.

Akasogea. Ko. Akapanda juu. Ko. Akashuka. Ko, ko, ko. Ukuta mzima ulikuwa ngoma. Milimita alisikia kila moja mgongoni.

"Hiyo sauti ni nzuri au mbaya?" Mwalimu akauliza.

"Muulize mzee. Kwake mimi bado mwanafunzi." Akageuka, ametulia kabisa, kainamisha kichwa kidogo kwa heshima. "Mzee wangu, ukuta unasemaje?"

Hapa ndipo Milimita alipopaswa kufungua kinywa. Neno moja: vunja. Lakini baada ya neno hilo yangekuja mengine. Nani aliujenga? Wewe. Kwa nini? Kwa sababu ulikuja na soda mbili. Na bafu lingefungwa wiki mbili, na wiki mbili hizo mkono, mwingine, shingo, geuka. Akaitazama ile miwani ya mwanawe, safi, inamsubiri.

"Uko sawa," akasema. "Ni unyevu. Vigae vya zamani vinalia hivyo."

"Vyote?"

"Vyote."

"Hata hiki?" Kijiko akachuchumaa kwenye kona, kigae cha kwanza kabisa, akakigonga mara mbili, taratibu, kama anabisha hodi. "Hata hiki hapa, mzee?"

"Hata hicho."

"Sawa." Akasimama. "Mwalimu, mimi nina karatasi yangu. Ukuta ukipitishwa na fundi mwingine, anaweka saini. Ni utaratibu tu."

Milimita akasaini kwa mkono wa kushoto. Ilionekana kama kuku kakanyaga wino akakimbia. Mwalimu akapiga picha, akatupia kwenye Damu Moja: *Baba karudi kazini, leo kakagua ukuta!* Vimikono vikamiminika. Dada mkubwa akaongeza na moyo.

Mwalimu alipotoka kwenda kutafuta waya wa umeme, Kijiko aliinama sikioni kwa mzee. Alinukia vumbi la simenti, harufu aliyoipenda mzee kuliko marashi.

"Wiki mbili. Navunja, najaza mgongo mzima, nafunga. Ukisema sasa hivi, nitamwambia ni unyevu kweli. Sitamwambia chochote kingine. Neno moja tu."

Ona. Alimpa. Huyu dada, pamoja na zile kucha mbili, alimpa.

"Funga chuma," Milimita akasema. Hakutaka kuonewa huruma na Kijiko. Bora aonewe na ukuta.

"Basi usikishike."

"Sitakishika."

"Utakuwa umeniita nikufungie pambo."

Akawasha drili. Ncha ikapita kwenye kigae, halafu ikazama ghafla, kama mguu uliodhani kuna ngazi nyingine. Kijiko akamtazama mzee. Mzee akatazama dari. Skrubu zikaingia, zikapita kwenye hewa, ncha tu zikagusa tofali. Chuma kikakaa. Kinang'aa. Mpaka ukijionea uso.

"Ni cha mzee peke yake," Kijiko akamwambia Mwalimu akikusanya vifaa. "Mtu mwingine asikiguse."

"Bila shaka!" akasema Mwalimu, ambaye alikuwa tayari anakigusa.

Kesho yake asubuhi mlango ulifungwa. Wote.

Milimita alisimama ndani akisikiliza. Hakuna dodoki la mtu mwingine. Hakuna goti la ngapi. Alitaka kulia, akakumbuka kwamba sasa anaweza, hakuna anayeona, akalia. Halafu ikabidi aoge, na hapo ndipo akili ilipofanya hesabu ambayo mwalimu wa hesabu hakuifanya. Kiti kilikuwa chini ya chuma. Kukaa kwenye kiti unashika chuma. Kuinuka unashika chuma. Na chuma hakishikiki.

Basi mkaguzi mkuu wa vigae alishuka sakafuni kama mzigo, kalio kwanza, kwa kujiegemeza kwenye ndoo, akajiburuta chini ya bomba kama mtoto wa miezi minane. Akaoga amekaa kwenye maji yake mwenyewe. Kuinuka kulimchukua muda mrefu kuliko kuoga: anajiburuta mpaka kwenye choo cha kukaa, anakikumbatia, anajipandisha inchi kwa inchi, anamwita kila mtu aliyewahi kumdharau aje asukume. Akishamaliza, na hapa ndipo utakapompenda au kumchukia, anachukua sabuni na kukipaka chuma povu. Kidogo pale katikati. Alama za vidole. Ili Mwalimu akiingia aone kimetumika.

Siku ishirini na tatu.

Makalio yalipata sugu. Kiwiko cha kushoto kikaiva kama embe. Mkwe wake akiuliza, "Baba, mbona una michubuko?" anajibu, "Mkeka wenu mkali." Lakini akitoka pale mlangoni, nywele zimechanwa, kaptula kavu, alikuwa na ule uso wake wa zamani. Alianza hata kukosoa watu tena. Alimwambia mkwe wake pazia limepinda. Limepinda kweli. Nyumba nzima ikafurahi: mzee karudi! Mwalimu akawa anaringa kwa kila mtu, shuleni, dukani, kwenye Damu Moja. Aliweka picha ya chuma hata kwenye wasifu wake. Watu wengine wanaweka watoto.

Siku ya ishirini na nne akaja mama mkwe wake Mwalimu. Mama mzito, mwenye heshima zake, magoti yamechoka, na alikuja hasa kuliona hilo bafu lililokuwa linatajwa kila simu. Wakajipanga barazani mbele ya mlango ulio wazi: mama mkwe, binti yake, na Milimita kwenye kiti chake, kama mgeni wa heshima. Mwalimu ndani, anaeleza. Kizingiti. Mlango. Mkeka.

"Na hiki kichuma, mkwe wangu, kinanibeba kweli mimi? Mimi si mtu wa kubebwa na kitu chembamba."

"Mama! Hiki?" Mwalimu akacheka. "Hiki kinabeba trekta. Baba anakitumia kila siku. Ngoja uone."

Akavua saa. Akampa mkewe miwani. Mtu anayejiandaa kuaibika huwa anajiandaa vizuri sana.

Milimita aliyaona yote. Aliiona mikono miwili ikipanda, mikono iliyotulia, ile aliyotaka ishike mwiko. Kulikuwa na muda. Kulikuwa na muda wa kutosha wa kusema "acha" mara tatu. Akafungua mdomo. Mama mkwe akageuka kumtazama, anatabasamu, anasubiri mzee mwenzake aongeze sifa. Mdomo ukafunga.

Mwalimu akashika chuma, akakunja miguu yote miwili, akaning'inia. Sekunde moja akaning'inia kweli. Akamtazama baba yake kwa fahari.

Kisha ukuta ukabanduka ukamfuata. Havikutoka vile vigae vinne vilivyoshika chuma tu. Kimoja kilimvuta jirani, jirani akamvuta shemeji, safu nzima kutoka juu mpaka kona ikashuka kama watu wanaoshuka kwenye ngazi bila kusalimiana. Mwalimu alipiga uso kwenye ukingo wa choo. Meno mawili ya mbele. Bega likatoka mahali pake. Chuma kikabaki mkononi mwake, kimeshikwa vizuri kabisa.

Vumbi lilipotulia mkewe alikuwa amepiga magoti, kanga yake ikiwa kwenye mdomo wa mumewe, nyekundu. Na vigae vimelala kifudifudi sakafuni kote. Kila kimoja kina madonge matano. Hata mtu asiyejua ufundi angeona: hiki ni kitu kilichobandikwa kama stempu.

Kile cha kona kilikuwa kimeteleza mpaka kwenye kidole cha mguu cha mama mkwe. Akakiokota. Wazee wanapenda kusoma chochote kilichoandikwa.

"Hapa kuna maandishi." Akakisogeza mbali na macho. "'Ya mwanangu. Bure. Madonge yanamtosha.'" Akakigeuza, akakirudisha. "Nani huyu kaandika? Mwanangu nani?"

Mwalimu alikuwa ameketi sakafuni, kwenye majimaji, pale pale ambapo baba yake alikuwa anaketi kila asubuhi, na bila miwani alikuwa hamwoni mtu vizuri, lakini alimgeukia baba yake moja kwa moja.

"Ulijua?" akasema, na damu ikatoka na neno.

Milimita akasema kitu. Alisema, "Nilikuwa na hoteli."

Hayo tu. Miaka kumi na mbili, na siku ishirini na nne, na hicho ndicho kilichotoka.

Kwenye Damu Moja hakuna aliyeandika kitu kwa siku mbili. Siku ya tatu dada mkubwa akatuma vimikono.

Kijiko akaitwa tena. Alikuja na ile karatasi yenye saini ya kuku, akamwonesha Mwalimu, akaikunja, akairudisha. Akavunja ukuta wote mpaka tofali. Siku kumi na moja. Siku hizo zote Milimita alikuwa anaogeshwa nyuma ya nyumba, kati ya shuka mbili zilizoanikwa, na Mwalimu kwa mkono mmoja, maana mwingine ulikuwa umefungwa shingoni. Mkono, mwingine, shingo, geuka. Hasira? Hapana, na hicho ndicho kilichomuua mzee. Maji yalikuwa ya uvuguvugu sawasawa. Taulo lilikuwa safi. Hakumnyima kitu ila macho.

Siku ya kuanza kutandaza, Kijiko alimsogeza mzee na kiti chake mpaka ukutani. Akatoa kigae cha kwanza, akakilaza mgongo juu mapajani kwa mzee, akampa pensili ya seremala.

"Andika, fundi mkuu. Si ndiyo desturi yako?"

Milimita akaitazama pensili. Akamtafuta Mwalimu kwa macho. Alikuwa uani, anaanika zile shuka kwa mkono mmoja, ataingia sasa hivi kuchukua ndoo. Mzee akaandika haraka, kwa kushoto, herufi zinaparamiana, jasho linamtoka: *Mwanangu nisamehe.* Akakishika kigae kifuani, mgongo kwa nje, kama mwanafunzi aliyemaliza hesabu anasubiri isahihishwe. Mdomo wake haukuweza. Labda kigae kingeweza.

Kijiko akasoma. Akasoma tena. Akakitwaa mikononi mwake, polepole, akachota simenti kwa mwiko, akaupaka mgongo wote, kutoka pembe mpaka pembe, hakubakisha hata nafasi ya kucha. Herufi zikaingia chini ya simenti moja moja. Akakibandika kwenye kona. Akakigonga kwa nyundo ya mpira, akakipima, akakigonga tena.

"Hiki hakitoki," akasema. "Hata nyumba ikianguka, hiki kitabaki kimesimama."

Mwalimu akaingia kuchukua ndoo. "Mnaendeleaje?"

"Vizuri," Kijiko akasema. "Baba yako kaweka tarehe."

Ukuta ulipokauka, chuma kikafungwa kwa bolti zilizozama kwenye tofali mpaka shingo. Kijiko mwenyewe akaning'inia, na buti zake, na mkoba wa vifaa. Hakikutikisika hata milimita moja. Ukawa ukuta bora kuliko wote aliowahi kuuona Milimita, pamoja na aliotandaza yeye.

Mlango, Mwalimu aliutoa. Aliuegemeza stoo, akaweka pazia. Aliongea kwa utaratibu, kwa lile pengo jipya la mbele. "Utanisamehe, Baba, mlango sitaurudisha. Sijui tena ukiniambia kitu kiko sawa, kiko sawa kweli au vipi."

Asubuhi, saa kumi na mbili kasoro robo. Mwalimu kakunja suruali. Milimita kwenye kiti, na kaptula yake. Kile kigae cha zamani, cha madonge yanamtosha, kilikuwa kimewekwa kwenye kishubaka cha dirisha, juu yake imekaa sabuni. Hakuna aliyeeleza kwa nini. Kilikuwa kinafaa tu ukubwa.

"Inua mkono. Mwingine."

Mzee akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea kwenye chuma. Alitaka kukishika mara moja tu, akisikie.

"Acha, Baba. Nimekushika mimi."

Akaurudisha. Mbele ya goti lake, kwenye kona, kilikuwapo kigae cha kwanza. Akakigonga kwa kifundo cha kidole, polepole, mwanawe asisikie. Ti. Kimejaa. Neno lilikuwa mle ndani, na neno hilohilo lilikuwa kwenye ulimi wake, lina nafasi ya kutosha, hakuna mgeni, hakuna mama mkwe, kuna maji tu yanadondoka.

"Maji yamekuwa ya moto," akasema.

"Samahani, Baba," Mwalimu akasema papo hapo, akaongeza ya baridi. "Geuka."